Mwanafunzi mwenye ulemavu: Somo tunalolisahau katika Surat Abasa

MIONGONI mwa sura ambazo watoto wetu wa madrasa huzihifadhi mapema ni Surat Abasa. Ukipita jioni jirani na madrasa, iwe Mbinga mjini, Mbamba Bay au Kariakoo, huenda ukazisikia aya zake zikisomwa kwa sauti ya pamoja. Wengi wetu tunaijua kwa moyo. Swali ninalotaka tujiulize leo ni kama tunaifanyia kazi, hasa sisi walimu, wazazi na viongozi wa misikiti, pale anapofika mbele yetu mtoto asiyeona, asiyesikia, mwenye ulemavu wa viungo, mwenye ualbino au mwenye mtindio wa ubongo, akitaka jambo lile lile alilolitaka yule ambaye sura hii iliteremka kwa ajili yake, nalo ni kufundishwa.

Suala hili silileti kwa sababu nimelisoma vitabuni tu. Nalileta kwa sababu limenikuta mwenyewe darasani, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Ustadhi, mbona mimi huniulizi?

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha kipindi cha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya msingi huku mwambao wa Ziwa Nyasa. Darasani alikuwemo kijana mmoja mwenye uoni hafifu, baba yake mvuvi. Alikaa nyuma kabisa, karibu na ukuta, na wenzake walikuwa wamempa jina la utani linalohusu macho yake ambalo sitalirudia hapa. Kwa kuwa hakuweza kusoma ubaoni, daftari lake lilikuwa tupu au limejaa maneno yaliyonakiliwa nusunusu kutoka kwa jirani. Walimu wengine walimhesabu kuwa mvivu na wakamwadhibu kwa uvivu huo.

Mimi nilijiona bora kuliko wao. Sikumchapa, sikumgombeza, sikumwita ubaoni na wala sikumwuliza swali hata moja. Nilimwonea huruma. Kila nikipita karibu na dawati lake nilimgusa bega, nikaendelea na wengine.

Siku moja baada ya kipindi alinifuata mlangoni. Akanisalimia: "Assalaamu alaykum, ustadhi." Nikamjibu. Akasema: "Ustadhi, mbona mimi huniulizi? Wenzangu wote unawauliza."

Nikamwambia kwamba sikutaka kumsumbua.

Akanijibu: "Lakini mimi nimeihifadhi." Akaanza kuisoma Surat Al-A'laa palepale mlangoni, huku watoto wengine wakitoka nje mbio kwenda kucheza. Alikuwa ameipata kwa kusikiliza tu. Aliisoma yote, akakosea mahali pamoja. Nilipomsahihisha ndipo nilipogundua kwamba tangu mwaka ule wa masomo uanze, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsahihisha. Nilikuwa nimemfundisha kila mtoto darasani isipokuwa yeye, na nilikuwa nikiiita hali hiyo huruma.

Aya ziliteremka kwa ajili ya nani?

Turejee kwenye kisa chenyewe. Mtume (s.a.w.) alikuwa Makka, amekaa na baadhi ya wakubwa wa Kikuraishi akiwalingania Uislamu. Alikuwa na matumaini kwamba wakubwa hao wakisilimu, watu wengi watawafuata. Wakati huo akaja Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), mtu asiyeona, akaomba afundishwe katika yale ambayo Allah (s.w.) amemfundisha Mtume wake. Mtume akakunja uso, akageuka, akaendelea na wale wakubwa. Hapo zikateremka aya za mwanzo za sura hii (80:1-10) zikimlaumu kwa jambo hilo, na zikimkumbusha kwamba huyu aliyekuja akiharakia elimu, naye anamcha Mola wake, ndiye huenda akatakasika, wakati yule anayejiona amejitosheleza ndiye anayepewa nafasi.

Ndugu msomaji, tuyatazame mambo matatu katika kisa hiki.

La kwanza, Ibn Ummi Maktum hakuuona uso uliokunjwa. Hakuwa na macho ya kuuona. Hata hivyo Allah (s.w.) hakuliacha jambo hilo lipite. Maana yake ni kwamba uzito wa kosa haukuwa tu katika kumwumiza mtu moyo. Uzito ulikuwa katika nani anapewa usikivu wetu na nani ananyimwa. Mwalimu anaweza kumnyima mtoto usikivu huku akitabasamu, kama nilivyofanya mimi, na bado akawa amegeuka.

La pili, Ibn Ummi Maktum hakuja kuomba sadaka wala kuombewa dua ya kurudishiwa macho. Alikuja kutafuta elimu. Sisi tumezoea kumtazama mwenye ulemavu kama mtu wa kupewa shilingi mia mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa. Akija na daftari mkononi tunashangaa.

La tatu ni ile hesabu iliyokuwepo, kwamba wakubwa wale wana manufaa zaidi kwa ujumbe. Nia ilikuwa njema kabisa, lakini hesabu yenyewe ilikataliwa. Shuleni kwetu hesabu hiyo hiyo inapigwa kila mwaka, ila siku hizi inaitwa wastani wa ufaulu. Mwalimu mkuu anaogopa kwamba mtoto fulani atashusha wastani wa shule. Mwalimu wa darasa anaona dakika tano za kumweleza mtoto asiyesikia ni dakika tano walizonyimwa wale watakaoshinda mtihani. Hatusemi kwa ubaya, lakini tumeshachagua wa kukaa nao na wa kumgeuzia mgongo.

Alisaidiwa pale alipopungukiwa

Wengi wanakisimulia kisa hiki na kuishia hapo. Lakini tufuatilie maisha ya Ibn Ummi Maktum baada ya aya kuteremka, maana humo mna somo la malezi ambalo vyuo vya ualimu vingelipenda.

Huko Madina Mtume (s.a.w.) alimfanya kuwa mwadhini pamoja na Bilal (r.a.). Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba Bilal alikuwa akiadhini usiku, na watu wakaambiwa waendelee kula na kunywa mpaka aadhini Ibn Ummi Maktum. Adhana yake ndiyo ilikuwa alama ya kuingia alfajiri. Sasa fikiri: kazi ya kutangaza alfajiri amepewa mtu asiyeweza kuiona alfajiri! Aliifanyaje? Hadithi hiyo inaeleza kwamba alikuwa haadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha.

Hapo ndipo penye siri yote. Alikuwa na sauti, uaminifu na elimu. Alichokosa ni kitu kimoja tu, kuiona nuru ya asubuhi, na kitu hicho kimoja jamii ilimpatia kwa kumwambia. Kazi haikuondolewa mikononi mwake akapewa mwenye macho, wala hakuachwa ahangaike peke yake. Alisaidiwa pale pale alipopungukiwa, na sehemu iliyobaki akaachiwa aifanye yeye. Zaidi ya hapo, Mtume (s.a.w.) alimwachia zaidi ya mara moja usimamizi wa Madina yeye mwenyewe alipokuwa safarini.

Tuuweke mfano huu darasani. Yule kijana wa uoni hafifu alipungukiwa na kitu kimoja, kuyaona maandishi ya ubaoni. Mwalimu akiyasoma maandishi kwa sauti wakati anayaandika, upungufu huo umezibika kwa sehemu kubwa, na kijana anabaki na wajibu wa kufikiri, kuhifadhi na kujibu kama wenzake. Anayemwondolea wajibu wote kwa sababu ya upungufu mmoja hajamsaidia, amempunguza mara ya pili.

Hata Nabii Musa (a.s.), ambaye ulimi wake ulikuwa mzito, alimwomba Mola wake amfungue fundo la ulimi na ampe ndugu yake Harun awe msaidizi, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha zaidi (20:25-32, 28:34). Alipewa msaidizi. Hakuondolewa utume.

Si laana wala si uchawi

Kikwazo kikubwa huku kwetu kinaanzia nyumbani. Katika milima ya Umatengo na katika vijiji vya ziwani wapo wazazi, Waislamu na wasio Waislamu, wanaomficha mtoto ndani kwa kuamini kwamba amelogwa, au kwamba ni adhabu kwa dhambi ya mama yake. Mama huyo hubebeshwa lawama peke yake, na mara nyingine huachwa. Mtoto akiwa wa kike hufichwa zaidi, na anayefichwa ndiye anayedhuriwa kwa urahisi kwa sababu hakuna anayemwulizia.

Qur'an imesema wazi kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine (6:164). Ulemavu ungekuwa alama ya kuchukiwa na Allah, basi tungesemaje juu ya Nabii Ya'qub (a.s.) aliyepoteza macho kwa huzuni, au Nabii Ayub (a.s.) aliyepatwa na maradhi mwilini?

Tena sababu nyingi zinajulikana hospitalini. Mtoto anayechelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, mama akiwa katika uchungu wa muda mrefu mbali na mkunga, anaweza kupata mtindio wa ubongo. Malaria kali inayopanda kichwani, ile ambayo wengi wetu tunaiita degedege na kuipeleka kwa mganga, inaweza kumwachia mtoto kifafa, uziwi au ugumu wa kujifunza. Homa ya uti wa mgongo vilevile huacha uziwi. Masikio yanayotoa usaha mwezi baada ya mwezi bila tiba hupunguza usikivu. Mkoa wetu wa Ruvuma ni miongoni mwa maeneo ya nchi hii yanayojulikana kwa usubi, maradhi yanayoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi, na ambayo yakiachwa huleta upofu. Ualbino nao hutokana na urithi unaobebwa na wazazi wote wawili, baba na mama, hata kama wao wenyewe hawana ualbino. Hivyo baba anayemtupia mkewe lawama ajue kwamba nusu ya urithi huo imetoka kwake.

Lipo pia suala la kifafa. Watoto humkimbia mwenzao akianguka, na watu wazima huwaambia wasimguse wasije wakaambukizwa. Kifafa hakiambukizwi kwa kugusana, kwa mate wala kwa kula pamoja. Na kwa habari ya kula pamoja, katika Surat Nur (24:61) Allah (s.w.) ameondoa uzito kwa kipofu, kiguru na mgonjwa katika suala la kula majumbani. Miongoni mwa maelezo ya wafasiri ni kwamba watu wa Madina walikuwa wakiona tabu kula sahani moja na watu hao, na wao wenyewe walikuwa wakijitenga kwa kuona haya. Basi ikiwa shuleni kwako mtoto mmoja anakunywa uji peke yake pembeni kwa kuwa wenzake wanamwona kinyaa, tambua kwamba desturi hiyo iliondolewa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Majina tunayowaita

Jambo jingine ni ulimi. Katika Surat Hujurat (49:11) tumekatazwa kudharauliana na kuitana majina mabaya ya utani. Pamoja na hayo, shuleni mtoto mwenye ulemavu huenda asiitwe kwa jina lake tangu darasa la kwanza hadi la saba. Ataitwa kwa jicho lake, kwa mguu wake au kwa rangi ya ngozi yake. Mtoto mwenye ualbino ameitwa majina mabaya zaidi, yakiwemo yanayomfananisha na bidhaa. Tusiyachukulie kuwa mzaha. Wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino lililoitikisa nchi yetu kuanzia miaka ya 2006 na 2007 lilitanguliwa na ndimi zilizozoea kuwaona si watu kamili.

Hata lugha yetu ina mtego. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: maneno haya yamepangwa katika ngeli moja na kiti na kisu. Ndiyo maana siku hizi tunahimizwa kusema mtu asiyeona, au mtu mwenye ulemavu, ili utu utangulie. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuwachagulia watu majina. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimelichukua neno kiziwi na kulibeba bila haya. Njia ya salama ni kumwuliza mwenyewe anapenda aitweje, na mara nyingi atajibu kwamba anapenda aitwe kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Huenda mtu akasema, mbona katika wapokezi wa Hadithi yumo Al-A'raj, yaani mwenye kuchechemea, na Al-A'mash, mwenye macho dhaifu? Wanazuoni wamelijibu hili. Wamesema sifa ya aina hiyo inaruhusiwa kwa ajili ya kumtambulisha mtu asipofahamika kwa njia nyingine, si kwa kumdharau, na kukiwa na njia nyingine basi hiyo ni bora. Tena watu wale walijulikana kwa elimu yao, na majina yao yanatamkwa kwa heshima mpaka leo. Darasani tunatamka ili tucheke.

Imepokewa kwamba Masahaba walicheka walipoona wembamba wa miundi ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.). Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba miundi hiyo ni mizito zaidi katika mizani kuliko mlima Uhud. Hakuwaacha wacheke kisha akamfariji mwenziwao faraghani. Aliwasahihisha palepale, mbele ya watu. Mwalimu anayesikia darasa linacheka naye akanyamaza, amecheka pamoja nao.

Wahenga wetu nao walisema hujafa hujaumbika. Mwenye macho leo hana hati ya kuonesha kwamba atakuwa nayo kesho. Barabara zetu na bodaboda zake zinatukumbusha jambo hilo kila wiki.

Sheria ipo, sisi tuko wapi?

Kwa upande wa nchi, msingi umewekwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, inayompa mwenye ulemavu haki ya kusoma kama raia wengine. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali. Baraza la Mitihani nalo limeweka utaratibu wa karatasi za nukta nundu kwa wasioona, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na muda wa nyongeza wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine.

Haya yote hayamfikii mtoto ambaye shule yake haijamtambua. Karatasi ya maandishi makubwa haitajileta yenyewe Mbamba Bay. Ni lazima mwalimu agundue mapema, aandike na apeleke taarifa. Na hagundui asiyemtazama.

Sasa tujitazame Waislamu. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Shule ya Matumaini ya Dar es Salaam kwa watoto wenye ulemavu wa viungo ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1967. Watoto wa Kiislamu nao wameelimika katika shule za namna hiyo, na kwa hilo tuwashukuru waanzilishi wake, kwani asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Lakini shukrani isituzuie kujiuliza. Sisi ambao Kitabu chetu kina sura nzima iliyofunguliwa kwa ajili ya mtu asiyeona, tumejenga nini? Tunajenga misikiti ya ghorofa yenye ngazi ndefu na vyoo ambavyo mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuvifikia. Madrasa zetu nyingi hazina hata msahafu mmoja wa nukta nundu, wakati misahafu hiyo ipo duniani.

Historia yetu haikuwa hivi. Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyefariki mwaka 715, ametajwa na wanahistoria kuwa aliwapangia wasioona watu wa kuwaongoza na wenye ulemavu watu wa kuwahudumia, kwa gharama za Baitul Mal. Imam Ash-Shatibi, ambaye wasomi wa visomo vya Qur'an wanamtegemea mpaka leo, hakuwa akiona. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz alipoteza macho akiwa kijana wa takriban miaka 20, na mwaka 1993 akawa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia mpaka alipofariki mwaka 1999. Hapa nchini, Bi Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, Salum Khalfan Barwany akachaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010, na Dk. Abdallah Possi, msomi wa sheria, akawa naibu waziri mwaka 2015 na baadaye balozi. Wote watatu wana ualbino. Kila mmoja wao aliwahi kuwa mtoto aliyekaa kwenye dawati la shule fulani, na yupo mwalimu aliyemwuliza swali na kusubiri jibu.

Tufanye nini?

Najua walimu wenzangu watasema madarasa yamejaa, hatukusomea elimu maalumu na vifaa hakuna. Ni kweli, na serikali inapaswa kuambiwa hivyo bila kuchoka. Walimu waliosomea fani hii hawatoshi, na shule nyingi za vijijini hazina hata mmoja. Lakini yapo mambo yasiyongoja bajeti.

Mtoto mwenye uoni hafifu akae mbele, na mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika. Mtoto mwenye ualbino akae mbali na dirisha lenye jua kali, aruhusiwe kofia na shati la mikono mirefu hata mstarini, na ikumbukwe kwamba macho yake nayo ni dhaifu, jambo ambalo walimu wengi hawalijui. Mtoto mwenye usikivu hafifu apewe nafasi ya kumwona mwalimu usoni. Mwalimu asizungumze huku ameelekea ubaoni. Darasa lenye mtoto mwenye ulemavu wa viungo lihamishiwe chumba kisicho na ngazi, kwani ni rahisi kuhamisha darasa kuliko kumbeba mtoto kila siku. Mtoto anayeonekana mvivu au mtukutu apimwe macho na masikio kabla ya kuchapwa.

Njia nayo ni sehemu ya shule. Huku kwetu mtoto anashuka mlima na kupanda mwingine kupitia mashamba ya ngoro, na msimu wa mvua njia inateleza hata kwa mwenye miguu miwili mizima. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imerahisisha mengi, lakini haifiki mlangoni kwa kila mtoto. Hapa wanafunzi wenzake wanahusika. Wapangwe kwa zamu wa kuongozana naye, na zamu hiyo iwazungukie wote, isiwe mzigo wa dada yake peke yake.

Muhimu kuliko yote, apewe kazi. Awe kiranja, aongoze dua, aadhini, awasomeshe wadogo. Watoto hawabadiliki kwa kuhubiriwa kwamba mwenzao naye ni mtu. Hubadilika wanapomwona akifanya jambo ambalo wao wanalihitaji.

Katika madrasa tusimkatae mtoto kwa hoja kwamba hatafahamu. Asiyeona anahifadhi kwa kusikia, na hiyo ndiyo njia ya asili ya kuipokea Qur'an. Kwa asiyesikia, tuwapeleke vijana wetu wakajifunze lugha ya alama, kisha hotuba ya Ijumaa itafsiriwe. Mwenye ulemavu wa akili afundishwe kadiri ya uwezo wake, na Allah (s.w.) haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uweza wake (2:286). Kamati za misikiti zitenge sehemu ya sadaka kwa ajili ya miwani, fimbo nyeupe, nauli na matibabu ya masikio. Na imamu akitoa khutba, awataje wazazi wanaoficha watoto, awaambie kwamba mtoto huyo ni amana watakayoulizwa.

Kwako mzazi uliye na mtoto wa aina hii nyumbani, mpeleke shule. Ukikataliwa, uliza kwa jina la sheria iliyotajwa hapo juu, na uende na watu wawili wa kukushuhudia. Usikubali kuambiwa rudi mwakani.

Yule kijana wa mwambao alihamia dawati la mbele wiki ile ile. Sikufanya muujiza wowote. Nilianza tu kusoma kwa sauti nilichoandika na kumwuliza maswali kama wenzake, mara nyingine akajibu vizuri, mara nyingine akakosea na nikamsahihisha. Baada ya muda ikawa wenzake wakisahau aya wanamgeukia yeye. Lile jina la utani sikulikataza zaidi ya mara mbili. Walianza kumwita kwa jina lake walipokuwa na haja naye.

Tumwombe Allah (s.w.) atusamehe kwa wale tuliowageuzia nyuso bila wao kuona, na atuwezeshe kuwaelekea kuanzia kipindi kijacho.

Wabillahi tawfiq.